Hizo modeli usizitupe

Shoga yangu Mama Nasra,

Salamu nyingi kutoka Boston. Sisi hatujambo, baridi tumeshaizoea. Habari ya fomu yako ya kuomba chuo kurudishwa imeniuma mno. Nimekaa nayo siku tatu, ndipo nikaona nikusimulie kitu.

Njia yangu ya kazini inapita Longwood Avenue, kilipo chuo cha meno cha Harvard. Kilianzishwa mwaka 1867. Zamani hizo wengi walijifunza kung'oa na kuziba kwa kushinda na fundi mpaka mkono uzoee. Baltimore walishafungua chuo cha meno tangu 1840, lakini kilijisimamia chenyewe. Cha Harvard ndicho cha kwanza kuwekwa ndani ya chuo kikuu.

Mkuu wake wa kwanza, Nathan Keep, alikuwa mtu wa kazi yako hasa, kutengeneza meno bandia. Mwaka 1849 tajiri mmoja, George Parkman, alipotea hapa mjini. Mabaki ya mwili yakaonekana kwenye chuo cha tiba, alikokuwa akifanyia kazi mwalimu wa kemia, John Webster, na ndani ya tanuru mkakutwa vipande vya meno bandia vilivyoungua. Keep akavitambua. Seti ile aliitengeneza yeye miaka mitatu nyuma, na modeli ya plasta, ile nakala ya kinywa cha mtu, bado alikuwa nayo. Alipovipachika juu ya modeli, vikakaa. Akatoa ushahidi mahakamani huku machozi yakimtoka, na Webster akanyongwa kwa mauaji hayo mwaka 1850. Nilipoisoma nikaiona rafu yako ya modeli, kila moja na tarehe yake kwa kalamu ya risasi, na jinsi ulivyogoma kuzitupa ulipoambiwa zinajaza chumba bure.

Sasa ninalotaka ulisikie. Katika darasa la kwanza la chuo hicho alikuwemo Robert Tanner Freeman, kijana mweusi wa Washington, wazazi wake walikuwa watumwa. Kazi aliianzia kwa kumsaidia daktari wa meno wa Kizungu. Vyuo viwili vilimkataa kwa rangi yake, Harvard wakamchukua. Mwaka 1869 walihitimu watu sita tu, yeye mmoja wao, daktari wa kwanza wa meno mweusi Marekani kuwa na shahada. Alirudi kwao kutibu, akafariki 1873, hata miaka thelathini hakufika. Inanisikitisha kila nikiifikiria.

Mwaka 1870 alihitimu hapo George Franklin Grant, naye mtoto wa waliokuwa watumwa. Huyu alibaki akafundisha hapo hapo, na akabuni kifaa cha kuwasaidia wenye kaakaa lililopasuka. Unamkumbuka yule binti wetu, uliyemkatia kifaa mara tatu mpaka kikamshika vizuri? Siku ile alitamka jina lake, mama yake akakaa chini sakafuni. Hakuna aliyekuuliza una cheti gani.

Basi jaza tena fomu, mwenzangu. Barua ya utambulisho nitakuandikia mimi, maana miaka sita nimefanya kazi pembeni yako na ninajua ninachokisema. Niambie dirisha la maombi linafunguliwa lini, ada ya fomu nitakutumia kwa simu wiki hiyo hiyo. Msalimie Nasra na bibi yake.

Ni mimi shoga yako,
Mama Idi