Mafahali wawili na hesabu zao

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini mahasimu hushindwa kuelewana hata pale ambapo wote wawili wanaona kuwa maelewano yangewafaa. Watu husema mafahali wawili hawakai zizi moja, wakamaliza. Wewe chukua kalamu, maana tatizo liko kwenye hesabu kuliko kwenye roho mbaya.

Chora jedwali la vyumba vinne. Wote wakishirikiana, kila mmoja anapata alama 3. Wakisalitiana, 1 kila mmoja. Mmoja akisaliti huku mwenzake ameshirikiana, msaliti anazoa 5 na mwenzake anaondoka mikono mitupu. Kila mmoja anachagua bila kujua mwenzake kachagua nini. Sasa kaa kwenye kiti cha mmoja wao. Mwenzako akishirikiana, ukisaliti unapata 5 badala ya 3. Akisaliti, ukisaliti unapata 1 badala ya sifuri. Vyovyote afanyavyo, usaliti unakulipa. Naye anapiga hesabu hiyohiyo, nanyi mnaambulia 1 ilhali 3 zilikuwa mezani. Hakuna aliyekosea hesabu, na hapo ndipo penye uchungu.

Merrill Flood na Melvin Dresher waliubuni mchezo huu katika RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, mwaka 1950. Albert Tucker akauvika kisa cha watuhumiwa wawili wanaohojiwa vyumba tofauti, na jina likaganda: mtanziko wa wafungwa. Utauliza, je, wakiahidiana? Ahadi isiyo na adhabu haibadilishi hata tarakimu moja kwenye jedwali.

Kinachobadilisha ni kukutana tena. Chukua mpinzani ambaye ukimsaliti mara moja hashirikiani nawe tena. Kama baada ya kila raundi kuna nusu kwa nusu ya kuendelea, mtacheza wastani wa raundi 2: ukishirikiana unapata 6, ukisaliti unapata 5 na kisha wastani wa 1, yaani 6. Sare. Pandisha uwezekano ufike asilimia 90: kushirikiana kunaleta 30, kusaliti 14. Ila raundi ya mwisho isijulikane. Ikijulikana, wote watasaliti siku hiyo, kwa hiyo ya kabla yake nayo haina cha kulinda, na mchezo unafumuka kurudi nyuma mpaka raundi ya kwanza.

Robert Axelrod alishindanisha programu za kompyuta kwa mchezo huu, raundi 200 kila pambano, na matokeo ya awali yakatoka mwaka 1980. Iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote, ya Anatol Rapoport: anza kwa kushirikiana, kisha rudia alichofanya mwenzako raundi iliyopita. Jino kwa jino. Kinachonifurahisha ni kwamba programu hiyo haiwezi kumzidi mpinzani wake katika pambano lolote. Sana sana itoke sare. Ilishinda kwa jumla ya alama.

Lakini dawa ya moto ni moto ina kasoro yake. Wawili wa jino kwa jino wanacheza vizuri, mara mmoja akabonyeza kitufe kisicho chake. Mwenzake analipiza, huyu naye analipiza lile lipizo, 5 kwa 0, 0 kwa 5, wastani ukishuka kutoka 3 hadi 2.5. Kosa la pili likiangukia pabaya, wote wanakwama kwenye 1, na kila mmoja anaapa kuwa ni mwenzake aliyeanza.

Martin Nowak na Karl Sigmund walionyesha mwaka 1992 nafuu ya kusamehe kiasi. Kwa alama zetu kiasi hicho ni usaliti mmoja kati ya mitatu. Jaribu mwenyewe: anayekusaliti anazoa 5, kisha akirudi kushirikiana, msamaha wako unampa 3 mara moja katika tatu, wastani wa 1. Jumla 6, sawa na angetulia. Samehe zaidi ya hapo na usaliti unaanza kumlipa. Na kila mara rusha dadu uamue, maana akijua ni lini utasamehe, atakusaliti raundi ya kabla yake.

Wako akupendaye,
Baba