Pete ya Leah

Tanga, Alhamisi usiku

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalamu alaykum. Sisi wazima, watoto wazima, mvua imekata tangu Jumapili. Najua nimekaa kimya tangu arobaini ya mama, na simu zako mbili sikuzipokea. Niwie radhi. Usingizi umekataa, nimeona bora nikuandikie, maana jambo lenyewe sina wa kumwambia ila wewe.

Tunaigiza Mabepari wa Venisi. Ndiyo, ile ile tamthilia ya Shakespeare tuliyoigiza sisi. Kidato cha tatu wameiomba wenyewe. Tafsiri ya Mwalimu Nyerere, ya 1969, nakala tatu tu shule nzima na moja haina jalada, kwa hiyo wamenakili kwa mkono, kila mtu maneno yake. Uone walivyojitahidi!

Juzi tulifika pale Jessica, binti wa Shylock yule Myahudi mkopeshaji, anapotoroka kwao. Binti kasimama juu ya dawati, kavaa suruali na kofia ya kaka yake, anamrushia mpenzi wake Lorenzo sanduku la mali ya baba. Sanduku ni boksi la sabuni, tumelijaza vizibo vya soda ili lilie kama dukati, zile sarafu za dhahabu. Likalia vizuri mno, darasa zima likapiga makofi. Tukaendelea mpaka Tubal, Myahudi mwenzake, anapomletea Shylock habari kutoka Genoa: binti yako nasikia kamaliza dukati 80 kwa usiku mmoja, na mdai mmoja wa Antonio kanionyesha pete, kapewa na binti yako kwa kubadilishana na tumbili.

Wakaangua kicheko. Mmoja akaanza kujikuna kwapani. Hata kijana anayecheza Shylock akacheka, akashindwa kuendelea.

Nikafunga kitabu, nikatoka nje, nikasimama chini ya mwembe mpaka wakanyamaza wenyewe.

Wewe unajua kwa nini. Vipuli vya mama, vile huyu wetu alivyompelekea sonara. Sikukusimulia mwisho wake. Nilimfuata yule sonara, akanionyesha kimoja, cha pili kishayeyushwa. Nikakishika. Kile kikulabu cha kupitishia sikioni kilikuwa kimepinda kwa ndani, unakumbuka mama alikuwa halali ila ubavu wa kushoto? Mfukoni nilikuwa na nauli tu. Niliporudi Jumatatu na fedha, nacho kimeshaondoka. Yote hayo kwa simu, Mwanaisha, na simu yenyewe kioo kilishapasuka kabla ya arobaini.

Basi tangu juzi naisoma sehemu ile moja tu. Shylock hapo ametoka kusema neno ambalo simsamehei, kwamba ni afadhali bintiye awe maiti miguuni pake, na vito viko masikioni. Ukilisoma hilo unasema huyu hajali ila mali. Halafu inakuja pete. Anasema ile ni feruzi yake, alipewa na Leah kabla hawajaoana, na asingeitoa hata kwa pori zima la tumbili. Leah hatajwi kabla ya hapo, wala hatajwi tena. Mara moja tu katika mchezo mzima tunajua kwamba mzee huyu, anayetemewa mate barabarani kwa Uyahudi wake, aliwahi kuwa kijana akapendwa. Na wakati huo huo ndio watu wanacheka.

Nimewaza pia lile jina. Mabepari. Limetoka miaka 2 baada ya Azimio la Arusha, na linamwelekeza msomaji kwenye fedha kwanza. Wanafunzi wangu wameelekea huko huko: mkopo wa Antonio wa dukati 3,000, miezi 3 ya kulipa, ratili moja ya nyama ya mwili wake akishindwa, wanazo zote kichwani. Pete ya Leah wameihesabu ndani ya mali iliyoibwa, basi. Siwalaumu. Lakini mimi naona usaliti wote wa mchezo ule umekaa kwenye pete ile.

Maana kutoroka sikuiti usaliti. Nyumba yenyewe binti anasema ni jehanamu, anafungiwa milango, hata kuchungulia dirishani haruhusiwi. Angefanyaje? Pete ni jambo lingine.

Sasa sikiliza. Jioni ile binti anayecheza Jessica alinifuata hadi getini, kofia mkononi, akaniuliza, “Mwalimu, Jessica alijua ile pete ni ya mama yake?”

Nikakosa jibu. Nimetafuta usiku mbili, halimo. Jessica mwenyewe haitaji pete hata mara moja, na tumbili haonekani jukwaani. Tunachopewa ni maneno ya Tubal, naye kaonyeshwa na mtu mwingine.

Halafu nenda mwishoni, Belmont, nyumbani kwa Portia, kwenye mbalamwezi. Bassanio, rafiki yake Antonio, naye kaitoa pete aliyopewa na mkewe Portia, aliyoapa kwamba haitamtoka kidoleni. Portia mwenyewe ndiye aliyemwomba, akiwa kajifanya wakili, kwa hiyo anamgombeza huku anajua kila kitu, na watu wanacheka, na pete inarudi mahali pake. Gratiano, mume wa Nerissa mtumishi wa Portia, hali kadhalika. Jessica yupo pale pale! Amesimama anasikia ndoa mbili zinatikisika kwa ajili ya pete, na hasemi kitu. Neno lake la mwisho alishalisema kabla, kwamba muziki mtamu haumpi furaha. Hata anapoletewa hati kwamba baba yake akifa mali yote ni yao, anayeshukuru ni Lorenzo.

Nataka binti asimame kando, na Bassanio anapojitetea, ashike kidole chake kitupu. Basi. Asifanye kingine. Lakini nikimwambia afanye hivyo nimeshajibu swali lake, sivyo? Nimesema alijua.

Na huyu wetu kapiga tena simu jana. Anasema hakujua kama vipuli ni vile ambavyo baba alivileta siku ya posa. Alidhani mama alijinunulia tu. Sikumjibu, nikakata.

Wewe ndiye uliyekuwa Shylock wetu. Mimi nilikuwa Nerissa, niko nyuma ya pazia nahangaika na kilemba, sikukuona, nilikusikia tu. Ukumbi ulikuwa unacheka tangu mwanzo, ukafika kwenye pete, pakawa kimya. Ulifanya nini pale? Uliinama? Mwalimu Bakari alikuelekeza au ulijifanyia mwenyewe? Neno la tumbili ulilisema kwa sauti au kwa chini? Na moyoni mwako, ulipokuwa unalisema, ulimwona Jessica anajua? Na mtu akikwambia hakujua, wewe unapokea? Lile daftari lako la mazoezi bado unalo, au lilibaki kwa Tatu? Utaweza kuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi? Mama mkubwa kakuulizia, na chumba cha uani kiko wazi.

Nijibu kabla ya Jumatano, ndiyo siku tunairudia sehemu ya Tubal.

Wako,
Rukia