Kazi ya kuchangisha mtaani: tukutane Jumamosi

Habari za jioni ndugu zangu wa Leeds,

Mnaoanza Jumatatu kazi ya kuchangisha fedha za misaada pale Briggate, tuonane kwanza.

1. Jumamosi saa nne kamili asubuhi (simu itasoma 10:00), Kirkgate Market, mlango wa Vicar Lane. Tafadhali, isiwe saa nne ya harusi.

2. Njoo na mkataba wako, hata kama ni picha kwenye simu. Wenye viza ya mwanafunzi, hili ndilo kubwa: mkataba ukisema umejiajiri, usisaini, viza hairuhusu. Na kwa wanaosoma shahada, mwisho ni saa 20 kwa wiki muhula ukiwa unaendelea.

3. Tutafanya mazoezi wawiliwawili. Hupokei pesa mkononi. Unamwomba mtu akubali kukatwa benki kila mwezi, kwa hiyo lazima akuamini haraka. Sisi tumezoea kuanza na habari za nyumbani na za watoto. Lakini pale Briggate mtu anapita kama anakimbizwa na mvua: tabasamu, taja shirika, kitambulisho kionekane. Akikataa, mshukuru, usimfuate.

4. Chai na maandazi, pauni 3 kila mmoja. Dada mweka hazina atapokea palepale.

Jamani, thibitisheni hapa kabla ya Ijumaa saa mbili usiku: andika NIPO au SIPO, na kama una viza ya mwanafunzi. Mwenye koti la mvua la ziada pia aseme, kuna mgeni hana.