Usiibane herufi, chagua iliyozaliwa nyembamba

Wiki iliyopita kijana wa bajaji alikuja kwenye ofisi yetu ya stika, Ngamiani, Tanga, na neno moja: Usafirishaji. Alilitaka juu ya kioo cha mbele, kwenye ule utepe usiozidi upana wa kiganja, kwa "mwandiko wa brashi uliolala". Herufi 12, nafasi ya herufi 7. Akasema wanavyosema wateja wengi: "Ibane tu fundi, itaenea."

Kuenea itaenea. Ila kompyuta ikibana herufi pana, mistari iliyosimama hukonda, ya kulala hubaki na unene wake, na neno zima huonekana kama limebanwa na mlango. Fonti, yaani seti ya herufi za mtindo mmoja, iliyochorwa nyembamba tangu mwanzo haina shida hiyo, kwa sababu mchoraji alishapima unene wa kila mkwaruzo wa brashi. Ule mlalo wa kulia nao umo humohumo kwenye mchoro. Ukiulaza tena kwa kompyuta, herufi zinaanguka kifudifudi.

Mtindo wenyewe ni wa zamani. Brush Script, ambayo wengi mnaijua kwa sura hata kama si kwa jina, ilichorwa na Robert E. Smith mwaka 1942 kwa ajili ya American Type Founders ya Marekani. Kwa utepe wa bajaji sisi hutafuta iliyo nyembamba kuliko hiyo.

Kabla ya kukata stika tunakagua mambo ambayo mteja haoni. Kiswahili kina a nyingi mno. Andika Baraka: a tatu, zote zimefanana kama matofali, na hapo siri ya kwamba si mkono wa mtu inafichuka. Fonti nzuri huwa na a ya pili, hata ya tatu, tukazibadilisha. Halafu ng'. Mwenye bucha akitaka Ng'ombe, tunaangalia kwanza kama fonti ina kile kialama cha juu, maana nyingine hazina. Zile zenye kingo za brashi iliyokauka ni tamu kwenye fulana, lakini kwenye stika kila kijitundu ni kipande cha kung'oa kwa ncha ya sindano, na vipande vidogo ndivyo vinavyobanduka mapema kwa jua na upepo wa chumvi wa hapa Tanga.

Kuhusu ukubwa, mafundi wa mabango hukadiria sentimita 2.5 za kimo cha herufi kwa kila mita 3 za umbali wa msomaji. Kwa brashi nyembamba sisi huongeza.

Kijana wetu aliridhika na neno lake. Kisha akataka namba ya simu kwa mwandiko uleule. Tukamchapia kwenye karatasi, tukaibandika ukutani, tukamsogeza mpaka ng'ambo ya barabara asome. Alisoma 1 mahali penye 7. Namba tukaiandika kwa herufi nene zilizosimama wima.