Mswada wako nimeumaliza

Ilala, Dar es Salaam

Swahiba wangu Idrisa,

Salamu sana. Huku tu wazima, ingawa mvua imetuchosha na Jangwani pamejaa maji kama kawaida yake. Wewe na wa nyumbani hapo Tanga hamjambo?

Mswada wa riwaya yako nimeumaliza. Hiyo Dar yako ya mwaka 2190 nimeiona kwa macho yangu: pantoni inapaa juu ya maji ya Kigamboni, na abiria bado wanasukumana kushuka kabla haijatua! Nilicheka peke yangu. Na yule mama ntilie anayemdai nahodha deni mbele ya watu, usimguse hata nukta.

Sasa nije kwenye neno lililonifanya niandike badala ya kupiga simu, maana kwenye simu ungenikatiza.

Ndani ya chombo chako cha angani umejaza watu wa kila asili. Sawa. Lakini hebu tazama nani kapewa nini. Nahodha ni mtu wa Pwani: ana mama, ana kinyongo, ana mambo anayoyaota. Mhasibu ni Mhindi, na toka anaingia mpaka anakufa kazi yake ni kubana hela na kuongea Kiswahili cha kuchekesha. Mlinzi Mmakonde hana sentensi hata moja. Mchawi, bila shaka, katoka Sumbawanga. Yaani binadamu wamefika sayari ya tatu, lakini Sumbawanga wameachwa palepale?

Nawe ndiye hulalamika kila tukitazama sinema za nje, kwamba mtu mweusi akitokea ujue hafiki katikati. Una haki ya kulalamika. Samuel Delany, mwandishi mweusi wa Marekani, anasimulia kwamba riwaya yake *Nova*, iliyotoka mwaka 1968, ilikataliwa na John W. Campbell, mhariri wa jarida kubwa la hadithi za sayansi Marekani. Sababu: nahodha wake ana damu ya Senegali, na eti wasomaji wasingeweza kumpokea mhusika mkuu mweusi. Mwaka huohuo Mmarekani mwenzake, Ursula Le Guin, alitoa hadithi ya mchawi kijana mwenye ngozi ya kahawia iliyoiva. Ilipotengenezwa kuwa filamu ya televisheni mwaka 2004, kijana akageuzwa mzungu, na mama wa watu akalazimika kuandika hadharani kuwa hayo si yake.

Mantiki ya Campbell ndiyo inayonikera. Msomaji anaaminiwa kukubali chombo kinachoruka kutoka nyota hadi nyota, ila haaminiwi kukubali mweusi akikiendesha. Na wewe, kaka, unaniambia niamini pantoni inayopaa, kisha huniamini kwamba naweza kukubali Mhindi asiye bahili.

Kule Kisutu kuna mzee mmoja fundi saa. Babu yake alikuja kwa jahazi kutoka Kutch, kule India. Nilipompelekea saa ya marehemu baba, alibandika kioo jichoni, akaipulizia, akaanza kuitukana Yanga kwa Kiswahili cha mjini kilichonyooka kuliko changu, na mikono haikutikisika hata chembe. Mjukuu wake alipoingia wakabadili, wakasemezana Kikachi, lugha ya huko Kutch, wakacheka. Sikujua walicheka nini, huenda walinicheka mimi. Mtu kama huyo ndiye ninayemtaka kwenye chombo chako, mwenye utani wake ambao nahodha hauelewi.

Kuna jambo zito zaidi, na hapo sifanyi mzaha. Yule kijana mwenye ualbino ambaye damu yake inawasha injini. Idrisa, katika nchi hii watu wameuawa na kukatwa viungo kwa imani ya namna hiyohiyo. Ukiipa injini na nyaya haigeuki kuwa sayansi. Mtoe hapo. Lakini usimfute, maana una nafasi nzuri umeiacha wazi: umeandika mwenyewe kwamba jua la sayari ya tatu ni hafifu. Basi huko ndiko kijana atembee kichwa wazi kwa mara ya kwanza, ngozi haiungui, mwanga haumuumizi macho. Chomboni mpe chumba chenye taa ndogo na vipimo vya kusikiliza badala ya kusoma maandishi madogo. Tayari chombo chenyewe kimebadilika kwa sababu yeye yumo. Kuhesabu makabila mlangoni hakukupi hilo.

Wala huhitaji kwenda Marekani kujifunza. Mtu wa Tanga yenu, Shaaban Robert, katika *Kusadikika* ya mwaka 1951, nchi yake ameiweka angani na wajumbe sita wanatumwa pande zote. Wanarudi na mema ya watu wengine, wanatupwa gerezani. Mimi yule mchawi wa Sumbawanga ningemfanya mjumbe wa saba, ila hilo ni lako.

Nimeandika kwa penseli pembezoni. Mswada nitaupakia kwenye basi Jumatano, ukaupokee stendi. Halafu sura ya 9 imenishinda kabisa. Yule punda anafanya nini chomboni, na nani anamlisha? Nijibu.

Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Hamisi