Mhariri, usukani uliong'ang'ania hautolewi kwa nyundo

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni tangu mwezi uliopita, na najua sipo peke yangu, wenye magari ya zamani tupo wengi na mafundi wetu ni haohao wa chini ya mwarobaini.

Gari langu ni Toyota Corolla ya 1982, KE70, aliiacha marehemu baba na mpaka leo ndo inanipeleka shamba na kunirudisha. Swichi ya indiketa ikafa, ukiipandisha haishiki inarudi yenyewe, sasa ile swichi imekaa nyuma ya usukani kwa hiyo lazima usukani utoke kwanza. Nikapeleka gereji nikawaachia vijana nikaenda sokoni mara moja. Narudi, tangu barabarani nasikia ngo! ngo! ngo! Nachungulia hivi, kijana mmoja kaning'inia kwenye usukani anauvuta mwili mzima, mwenzake ana nyundo ya kilo mbili anagonga kichwa cha shafti, ule mhimili unaoshika usukani, na nati washaitoa kabisa wameiweka juu ya dashibodi.

Usukani ulitoka, sikatai. Ila kurudisha ndo shughuli ilipoanza. Nyuzi za mwanzo kwenye shafti zilikuwa zimelala, kichwa kimetanuka kama uyoga, nati haiingii kwa vidole, wakailazimisha kwa spana huku inalia. Nikakaa nikashika usukani, nikiuvuta unakuja, nikiusukuma unaenda, na gari halikuwa hivyo asubuhi. Naambiwa mzee hiyo ni plei ya kawaida, gari kuukuu hili. Si kweli mhariri, na mtu asidanganywe hivyo!

Shafti ya usukani kwenye gari nyingi sio nondo moja iliyonyooka tangu mikononi mpaka chini kwenye steringi boksi, lile boksi la gia linalogeuza magurudumu. Zamani ilikuwa hivyo, na gari likigonga mbele ile nondo ilirudi nyuma ikamchoma dereva kifuani. Marekani ikaweka masharti kuanzia Januari 1968 kwamba usukani usimuue dereva, watengenezaji wakaja na shafti ya vipande viwili vinavyoingiliana, vimeshikwa na pini za plastiki ambazo zinatakiwa zikatike siku ya ajali tu. Sasa wewe ukigonga kichwa cha shafti kwa nyundo ya kilo mbili unazikata zile pini leo, gari limepaki, na bado hujagusa beringi za juu. Hiyo ndo plei niliyoambiwa ya kawaida. Mtu anaendesha Segera mpaka Chalinze na kitu kama hicho mkononi, anapishana na mabasi!

Alienisaidia ni mzee mmoja jirani, fundi wa siku nyingi ambaye amestaafu. Ikabidi usukani utoke tena ili shafti ibadilishwe, na safari hii ulikuwa umebana kuliko mwanzo kwa vile nati ililazimishwa. Mzee hakushika nyundo. Alichomoa betri, akatoa kava ya honi, akanionyesha nati ya namba 19 katikati na pembeni yake, kushoto na kulia, matundu mawili madogo yenye nyuzi ndani. Akasema yale hayakuwekwa kwa urembo, ni ya pula, kifaa cha kuvutia usukani. Magurudumu ya mbele akayanyoosha, akaweka alama moja kwenye shafti na nyingine kwenye usukani ziangaliane, maana usukani umekaa kwenye meno na ukikosea jino moja tu utaendesha umepinda. Nati akailegeza mizunguko mitatu akaiacha palepale. Hapo nilimuuliza mbona huitoi, akaniambia ukiitoa, siku usukani ukiachia ghafla unakuja nao mzimamzima usoni, watu wameng'oka meno kwa namna hiyo, na tena nati ikibaki inalinda nyuzi.

Pula yenyewe ni kitu cha kawaida kabisa, kipande cha flatibaa, chuma bapa, nene chenye matundu matatu. Bolti mbili za milimita 8 zinaingia kwenye yale matundu ya usukani (kwa Corolla yangu, gari nyingine angalia kwanza usije ukaharibu nyuzi), bolti kubwa ya katikati inakanyaga kichwa cha shafti. Ukizungusha ile ya katikati usukani unavutwa juu na shafti inakandamizwa chini kwa wakati mmoja, nguvu zinamalizana hapohapo kwenye pula, zile pini za chini hazisikii kitu. Ila mzee hakukimbilia kuvuta. Alipulizia oili ya kutu kwenye meno akaiacha tukanywa chai, manake sisi wa pwani hewa ni ya chumvi, na kitovu cha usukani kikiwa aluminiamu na shafti chuma vikila kutu vinashikana kama vimechomelewa. Tukarudi, akakaza bolti ya katikati, robo mzunguko, akasubiri, robo tena. Pale ikatoka sauti moja tu, TA!, na usukani ukapanda ukazuiwa na nati, umelegea. Akatoa pula na nati, nikashika mwenyewe ukatoka kwa mkono mmoja. Dakika kumi ukiondoa chai.

Gari lenye maandishi ya SRS kwenye usukani ni habari nyingine, pale ndani kuna eabegi, ule mfuko wa hewa wa kumkinga dereva, na inalipuka kwelikweli. Toyota wenyewe wanasema ukichomoa betri usubiri angalau sekunde 90 ndo uguse, na ikishatoka iwekwe kava likiangalia juu, usipime zile waya za njano kwa testa, na bolti za pula zisizame sana zikatoboa ule utepe wa waya ulio chini yake. Nyundo hapo ndo kabisa.

Mimi nilitoa elfu 15 kwa mchomeleaji hapa Tanga akanitengenezea pula yangu na chenji ikabaki. Kwa hiyo naomba wenye gereji wasiniambie vifaa ni ghali, nimelipa shafti ya mtumba mara nyingi ya hela hiyo. Naomba pia walimu wa vyuo vya ufundi vya VETA wanaofundisha magari wawashikishe vijana pula kwa mikono yao, kijana hajui kwa sababu hajaonyeshwa, wale wawili hawakunifanyia kwa ubaya na walihangaika juani kweli. Na wewe mhariri kama gazeti lina ukurasa wa magari, wiki moja tuachane na bei za magari mapya mtuchoree hiyo pula na vipimo vyake, watu wakate wabandike ukutani gereji.

Yangu ipo kwenye buti, fundi yeyote wa Tanga akiihitaji nitamwazima.

Msomaji wako,
Tanga