Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa shoo za misaada

Wanamuziki wenzangu wa chama hiki, habari zenu na poleni na mihangaiko. Hii ndo taarifa yangu ya mwaka, hesabu atazisoma mweka hazina kwenye mkutano mkuu kwa hiyo za pesa za chama msiniulize mimi, leo nataka niongelee lile lililotuchosha kwenye grupu mwaka mzima, yaani hizi shoo za misaada.

Mnajua wenyewe, likitokea janga tu simu zinaanza. Mafuriko, ukame, wakimbizi, promota anataka mastaa wetu wapande jukwaani bure kwa ajili ya wahanga. Kuna mmoja tulimuuliza kiingilio kitaingia akaunti ya nani, akakata simu na hajapiga mpaka leo. Ndo kamati ikaamua jina la chama halitumiki mpaka karatasi zisainiwe kwanza, na najua wengine mlinuna mkasema tuna roho ngumu.

Hebu angalieni yaliyowapata wakubwa. Tarehe 1 Agosti 1971 George Harrison, aliyekuwa wa bendi ya Beatles ya Uingereza, na Ravi Shankar, mpiga sitar wa India, walipiga shoo mbili siku moja pale Madison Square Garden, New York, kuchangia wakimbizi wa Bangladesh. Watu walijaa, kiingilio kikaleta dola 243,418 zikaenda UNICEF, shirika la watoto la Umoja wa Mataifa, bila shida. Sasa ile albamu ya laivu iliyotoka baadaye, pesa zake zilikwama miaka kibao kwa watu wa kodi Marekani kwa sababu shoo haikuombewa msamaha wa kodi mapema kama shughuli ya hisani. Na pale kulikuwa na mtu wa Beatles, mameneja na mawakili, sasa sisi wenye mkataba wa mdomo itakuwaje.

Hata wimbo wa 1984 wa njaa ya Ethiopia wa Band Aid, yaani mastaa wa Uingereza na Ireland waliorekodi pamoja kwa hisani, serikali ya Uingereza ilidai VAT (kodi ya mauzo) yake kwanza, ikaja kurudisha kiasi hichohicho baada ya kelele nyingi. Kelele zile zilisikika kwa sababu ya majina, sawa, ila mwenye njaa hasubiri ugomvi wa kodi uishe.

Halafu kuna suala la maneno tunayoimba. 2014 Fuse ODG, mwanamuziki wa Uingereza mwenye asili ya Ghana, aliitwa kwenye Band Aid mpya akakataa, akasema yale mashairi yanaichora Afrika kama sehemu ya magonjwa na vifo tu. Mimi namuelewa kabisa. Mwaka huohuo wanamuziki wa Afrika Magharibi kina Tiken Jah Fakoly, Salif Keita, Oumou Sangaré, Mory Kanté na wenzao walitoa wimbo wao wa Ebola, wakaimba Kifaransa na lugha za kwao, wakawaambia watu waamini madaktari, wanawe mikono, wasiguse wagonjwa wala maiti, na mapato yakaenda kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Hapo wimbo wenyewe ni msaada hata kama haujauza kopi moja, kwa sababu bibi asiyemwamini mtu wa wizara anamwamini Salif Keita. Mkiniuliza mimi, tukifanya kitu mwakani kiwe cha namna hiyo.

Jambo la mwisho kuhusu hili ni sauti zenu. 2024 Band Aid walichanganya upya wimbo wao na sauti ya zamani ya mwimbaji wa Uingereza Ed Sheeran ikatumika tena, mwenyewe akasema hakuombwa ruhusa na angeombwa angekataa. Kwa hiyo kwenye rasimu ya mkataba tumeweka kwamba ukijitolea kurekodi, ruhusa ni ya mradi ule tu, wakitaka kuitumia tena waje waombe upya. Mirabaha nayo, yaani malipo ya kazi ikipigwa au kuuzwa, iandikwe inaenda wapi, na nani anatoa risiti.

Mengine kwa kifupi, mafunzo ya hakimiliki yalienda vizuri ingawa wapiga ala mlijitokeza wachache (waimbaji mlijaa kama kawaida yenu), na nafasi ya katibu msaidizi bado iko wazi, anayetaka aseme.

Rasimu iko kwa katibu. Isomeni kabla ya mkutano, mwenye kipengele hakitaki aandike anataka kisomekeje, sio kuguna tu kwenye grupu.